Kamera Inapoishia Langoni: Uhakiki wa Filamu ya Kampasi kwa Kuzingatia Mtazamaji wa Nyamisangura, Tarime

1.0 Utangulizi

Filamu ya kampasi ni filamu ambayo mandhari yake kuu ni chuo kikuu na wahusika wake wakuu ni wanataaluma. Baadhi ya filamu hizo hutengenezwa na watu walewale zinaowasawiri. Wanafunzi wa shahada za juu huigiza maisha yao wenyewe, katika majengo wanamosoma, mbele ya hadhira ya wenzao. Mfano unaofahamika zaidi ni *Piled Higher and Deeper: The PHD Movie* ya mwaka 2011, iliyorekodiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya California (Caltech), mjini Pasadena, Marekani. Filamu hiyo ilitokana na katuni za Jorge Cham, ambaye alianza kuzichora mwaka 1997 akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford. Iliongozwa na Vahe Gabuchian, na sehemu kubwa ya waigizaji wake walikuwa wanafunzi na watafiti wa Caltech.

Makala haya yanaihakiki filamu hiyo kwa kumzingatia mtazamaji ambaye haikumkusudia: mkazi wa Nyamisangura, kata iliyomo katika mji wa Tarime, mkoani Mara. Mkazi huyo ana mtoto, ndugu au jirani aliyekwenda Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza kusoma, na anasubiri kuambiwa kilichopatikana huko. Hoja kuu ya makala ni kwamba filamu ya kampasi inayotengenezwa na wasomi husema kweli kuhusu wasomi, lakini kamera yake huishia langoni mwa chuo. Fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa na wasomi ilikwisha kulivuka lango hilo miaka mingi iliyopita. Kwa sababu hiyo, mtunzi wa Kitanzania anayetaka kutengeneza filamu ya namna hiyo ana kielelezo karibu naye kuliko Pasadena.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na nadharia ya upokezi. Hans Robert Jauss alieleza kwamba kila hadhira huiendea kazi ya sanaa ikiwa na upeo wa matarajio, yaani mkusanyiko wa mambo inayoyajua na inayoyategemea kabla kazi haijaanza. Wolfgang Iser naye alionesha kwamba kila matini ina msomaji inayemdokeza, na kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyo huyajaza kwa ujuzi wake. Mambo haya mawili yanahusu filamu pia. Mzaha wa filamu ni pengo: anayecheka ni yule aliye na kitu cha kulijazia.

Katika miji mingi ya Tanzania, filamu za kigeni zimetazamwa kwa muda mrefu katika vibanda umiza, na nyingi zimepitia kwa watafsiri wanaozisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Lufufu ni miongoni mwa waliojipatia umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo. Mtafsiri wa aina hiyo haishii kuhamisha maneno. Huongeza maelezo, hutoa mfano wa karibu, na pale ambapo mzaha hautafsiriki hutunga mwingine. Kwa lugha ya Iser, kazi yake ni kujaza mapengo kwa niaba ya hadhira. Kwa hiyo, swali la mtafsiri linaweza kuwa kipimo kizuri cha uhakiki: ni kitu gani katika filamu ya kampasi angekisimulia Nyamisangura bila kuongeza neno, na ni kitu gani kingemlazimu atunge upya?

3.0 Kampasi Inayojicheka

*The PHD Movie* inafuata visa viwili. Katika kisa cha kwanza, mwanafunzi mgeni anatafuta nafasi katika kikundi cha utafiti cha Profesa Smith, mtu mwenye sifa kubwa na muda mdogo. Katika kisa cha pili, Cecilia anabanwa na kazi ya kufundisha na kusahihisha kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza, huku akianza kutilia shaka kama atamaliza masomo yake. Kandokando yao wapo Tajel na Slackenerny. Slackenerny ni mwanafunzi aliyekaa chuoni hata chuo kimekuwa makazi yake.

Ubora wa filamu hii upo katika mambo mawili. La kwanza ni ukweli wa waigizaji wake. Mwanafunzi anayeigiza hofu ya kumkabili msimamizi haigizi jambo la mbali naye, na ugumu wa uigizaji wa watu wasio na taaluma hiyo unageuka kuwa sehemu ya maana. La pili ni dhihaka inayoelekezwa ndani. Wasomi hawajioneshi kuwa mashujaa wa maarifa. Wanaoneshwa wakiwa wachovu, wenye mashaka, wanaosubiri jibu kutoka kwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kuwapandisha au kuwasahau.

Sehemu hii ya filamu ingevuka bahari bila taabu. Mtafsiri angeisimulia moja kwa moja, kwa sababu kampasi za Tanzania zina msamiati wake kamili wa mashaka hayo. Mwanafunzi wa Kitanzania anajua kusubiri "bumu", yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Anajua "desa" linalopita mkononi hadi maandishi yake yanafifia, anajua "sapu", na anajua hofu ya "kudisko". Maneno haya yalizaliwa katika korido, na kila moja limebeba kisa chake. Filamu yenye masikio ingeanzia hapo.

Hata hivyo, filamu haionyeshi anayesubiri nje. Nguvu zinazosukuma matukio yake zote zimo ndani ya uzio wa chuo: maabara, darasa, ofisi ya msimamizi. Familia na jamii zilizomtuma mwanafunzi haziwi nguvu ya kidrama. Swali linalomtesa Cecilia ni kama aendelee au aache, na jibu lake linamhusu yeye mwenyewe kwanza. Kwa mtazamaji wa Nyamisangura, swali hilo lina pengo kubwa. Akiacha, atawaambia nini waliomchangia nauli? Mtafsiri angelazimika kumtungia Cecilia mama.

4.0 Fasihi Iliyovuka Lango

Pengo hilo halikuwa la lazima, na fasihi ya Kiswahili inathibitisha hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Tangu mwanzo uhusiano wa msomi na waliomlipia ulikuwa suala la kitaifa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Julius Nyerere, mwenyeji wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara, aliwafukuza zaidi ya wanafunzi 300 na kupunguza mishahara ya viongozi, ukiwamo wake, kwa asilimia 20. Tukio hilo lilifanya swali moja lisikwepeke: msomi ni wa nani?

Ebrahim Hussein, aliyesoma na kufundisha chuoni hapo, alichapisha tamthilia ya *Mashetani* mwaka 1971. Wahusika wake vijana, Kitaru na Juma, ni wanafunzi wa chuo kikuu. Wanaanza kwa mchezo chini ya mbuyu, mmoja akiwa Shetani na mwingine Binadamu. Lakini tamthilia haibaki mbuyuni wala chuoni. Inaingia nyumbani kwa kina Kitaru, penye mali mpya na majivuno yake, kisha inaingia nyumbani kwa bibi yake Juma, penye kumbukumbu ya mali iliyopotea. Urafiki wa wasomi wawili unapasuka kwa sababu kila mmoja amekuja chuoni na nyumba yake mgongoni.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe na mhitimu wa chuo hichohicho, alikwenda mbali zaidi katika riwaya ya *Kichwamaji* ya mwaka 1974. Kazimoto, msimulizi wake, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini. Huko anakuta kwamba Manase, mwenzake wa utotoni ambaye sasa ni mkuu wa wilaya, amempa mimba dada yake Rukia. Elimu haimpi Kazimoto lugha ya kuzungumza na wazazi wake wala silaha ya kumkabili Manase. Riwaya inaishia kwa Kazimoto kujiua. Hukumu ya Kezilahabi ni kali, na mhakiki anaweza kuipinga kwa kuwa inaiacha elimu bila mlango wa kutokea. Lakini haiwezi kulaumiwa kwa kuishia langoni.

Sinema ya Tanzania nayo ina dalili za njia hiyo. Katika *Maangamizi* ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Dakta Asira, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, anakuja Tanzania na kukutana na Samehe, mgonjwa aliyefungwa na ukimya. Samehe anaigizwa na Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Filamu si ya kampasi, lakini inafanya jambo ambalo filamu ya kampasi huliepuka: inaupeleka ujuzi wa darasani mbele ya mtu ambaye ujuzi huo unadai kumhusu, kisha inamwacha msomi ndiye aulizwe.

5.0 Mtafitiwa Asiyeonekana

Zaidi ya mzazi, kuna mtu mwingine anayekosekana katika filamu ya kampasi: mtafitiwa. Wanafunzi wa Caltech wanaweza kusamehewa kwa hili, kwa kuwa wengi wao huchunguza mada na mitambo. Mwanafunzi wa fasihi, isimu au sosholojia nchini Tanzania hana udhuru huo, maana shahada yake hujengwa juu ya maneno ya watu.

Tarime inalijua jambo hili kwa upande wa pili wa dodoso. Wakuria wamekuwa mada ya wanataaluma kwa vizazi kadhaa. Malcolm Ruel alichapisha mwaka 1962 makala kuhusu mfumo wao wa vizazi. Michael Fleisher alifanya utafiti Tarime katika miaka ya 1990 na kuchapisha mwaka 2000 kitabu kuhusu wizi wa mifugo na ulinzi wa jadi mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kazi hizo zina thamani, lakini zimeandikwa kwa Kiingereza na kuzungumziwa katika vyuo vya mbali. Kwa watu wa huku, mwanafunzi wa uzamivu si kijana mwenye njaa anayechekesha. Ni mgeni aliyekuja na daftari, akauliza, akashukuru, akaondoka.

Kamera imekuja pia. *In the Name of Your Daughter* ya mwaka 2018, ya mwanahabari Giselle Portenier kutoka Kanada, inafuatilia wasichana wanaokimbilia nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, kuepuka ukeketaji. Filamu hiyo inagusa elimu kwa namna inayoitikisa *The PHD Movie*. Pasadena, swali ni kama mtu aliyefika kileleni mwa shule aiache. Mugumu, msichana huikimbia nyumba yake, pamoja na mambo mengine, ili asiolewe mapema na kuikosa shule. Filamu hizi mbili hazijibizani, lakini mtazamaji wa Mara anayeziona zote hawezi kuyasahau mashaka ya moja anapotazama mzaha wa nyingine. Huo ndio upeo wake wa matarajio.

Yanayotakiwa kwa filamu ya kampasi ya Kitanzania yanatokana na hapo. Kwanza, iwe na lugha zake zote: Kiingereza cha semina, Kiswahili cha korido, na Kikuria cha simu ya jioni kwenda nyumbani. Mhusika anayebadilisha lugha mara tatu kwa siku anaonesha mgogoro ambao hauhitaji hotuba. Pili, imfuate mtafiti uwandani na kumwacha mtafitiwa amuulize maswali. Wakuria wana iritongo, mkutano wa hadhara ambamo jambo la jamii huzungumzwa mbele ya watu. Utetezi wa tasnifu nao ni mkutano ambamo mtu mmoja hujibu mbele ya wakubwa. Filamu inayoweka mikutano hii miwili sambamba ingekuwa na drama na dhihaka kwa pamoja, na dhihaka hiyo isingemwumbua mzee wala kumtukuza profesa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kujicheka ni mwanzo mwema wa filamu ya kampasi, na kwamba *The PHD Movie* inastahili sifa kwa kuuvua usomi joho lake. Lakini kujicheka mbele ya wenzako ni jambo jepesi kuliko kujieleza mbele ya waliokutuma. *Mashetani* na *Kichwamaji* zilibeba mzigo huo mzito, kila moja kwa namna yake, zikiwa na wahusika ambao hawawezi kusoma bila nyumbani kuwauliza.

Filamu za wasomi kwa kawaida hutafuta mwisho katika mahafali, joho na picha ya pamoja. Kwa mtazamaji wa Nyamisangura, mahafali ni katikati ya kisa. Mwisho ni siku mhitimu anaporudi na kitabu chake, akakaa na watu aliowahoji, akawasomea sura waliyomo, kwa lugha wanayoielewa, na wao wakamwambia alipokosea. Mtunzi atakayerekodi tendo hilo atakuwa ameivusha kamera langoni.