Umeme wa mgongoni na ganzi ya miguuni

Julai 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa cha kampuni ya Nevro kitumike kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari. Nataka kukipima kifaa hicho kwa macho ya mtu wa Nchelenge, Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, ambako mgonjwa mwenye miguu inayowaka moto usiku huishia hospitali ya misheni ya St. Paul's pale Kashikishi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Nyaya mbili nyembamba zenye elektrodi huingizwa mgongoni kwa sindano na kulazwa nje ya utando unaofunika uti wa mgongo. Kwanza mgonjwa hujaribishwa kwa siku chache, betri ikiwa nje ya mwili. Maumivu yakipungua angalau nusu, betri hupandikizwa chini ya ngozi. Mapigo ni 10,000 kwa sekunde, na mgonjwa hasikii mtekenyo wowote. Mizizi ya wazo hili ni ya mwaka 1965, pale Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: mishipa minene ya mguso ikichangamshwa, habari za maumivu zinazoletwa na mishipa myembamba huzuiwa. Lakini nadharia hiyo inaeleza vizuri zaidi mapigo ya polepole yenye mtekenyo. Namna mapigo 10,000 yanavyotuliza maumivu bado inabishaniwa.

Idhini ilitokana na jaribio la watu 216 lililochapishwa mwaka huohuo. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kifaa pamoja na matibabu ya kawaida, wengine matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya miezi mitatu, asilimia 79 ya kundi la kifaa walikuwa wamepata nafuu ya nusu au zaidi bila mishipa yao kudhoofika zaidi. Upande wa pili ni asilimia 5 tu.

Pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa, ila lina sababu zaidi ya moja. Walioingia ni watu ambao dawa zilikwisha kushindwa kuwasaidia, kisha nusu yao wakaambiwa waendelee na matibabu ya aina ileile. Hakukuwa na kifaa bandia cha kulinganishia, kila mtu alijua yuko kundi gani, na kipimo cha maumivu kilikuwa kauli ya mgonjwa mwenyewe. Aliyegharamia ni mtengenezaji. Naamini kifaa kinasaidia. Siamini kwamba asilimia 79 yote ni kazi ya umeme. Tena waliokuwa na sukari iliyopanda kupita kiasi, wastani wa miezi mitatu ukizidi asilimia 10, hawakupokelewa, na wanaochelewa kufika kliniki mara nyingi ndio hao. Betri nayo huchajiwa karibu kila siku. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya bwawa la umeme la Kariba, Wazambia wengi walikaa saa nyingi mno kwa siku bila umeme.

Kinachoweza kufika Kashikishi ni mashine ndogo ya umeme ya kubandika ngozini, inayotumia betri ya kawaida. Ushahidi wake ni hafifu na unapingana. Mwaka 1997 Kumar na Marshall wa Marekani waliwajaribu watu 31, nusu saa kila siku kwa wiki nne, wengine wakiwa na mashine isiyotoa umeme. Waliopata umeme walipata nafuu zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Manchester walijaribu soksi zenye elektrodi, zenye mkondo mdogo sana, na hawakuona tofauti. Kwa bei yake, mimi ningeijaribu kwa mgonjwa asiyelala kwa maumivu, mradi hana kifaa cha moyo.

Lakini maumivu siyo yanayokata miguu. Ni ganzi. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wasihisi kitu. Ufukoni Mweru mguu wa namna hiyo unakanyaga mchanga wa mchana wa jua kali, miiba ya samaki na ndoana. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza Tanzania na India mwaka 2004, ulishughulikia hasa hili: kuwafundisha madaktari na wauguzi kwa vikundi kukagua mguu, kusafisha kidonda mapema na kumfundisha mgonjwa kujilinda.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji hata uzi maalumu wa nailoni unaojipinda kwa gramu 10. Mgonjwa afumbe macho. Muuguzi aguse kwa ncha ya kidole, taratibu, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua: kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Asipohisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, miguu yake iko hatarini: asitembee peku, akague nyayo kila jioni au akaguliwe na wa nyumbani, na kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Ukaguzi huu utangulie mashine yoyote, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi haitamwambia mwenyewe kwamba umeme umezidi. Elektrodi zibandikwe juu zaidi mguuni, pale mgonjwa anapohisi bado.