Kishale Kinachojua Kusubiri

Katika kujaribu tovuti kwa programu, kubofya kitufe ni kazi nyepesi. Ufundi uko katika kupeleka kishale cha kipanya juu ya neno fulani, kukituliza hapo bila kubofya, na kungoja menyu iliyofichwa ifunguke. Mtu hulifanya hilo bila kufikiri. Programu inayomwiga lazima ielekezwe hatua kwa hatua, na hapo ndipo mjaribu stadi anapojulikana.

Njia ya mkato ipo, tena ya siku nyingi. Selenium, chombo alichokianzisha Jason Huggins mwaka 2004 akiwa kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, kilifanya kazi ndani ya kivinjari kwa JavaScript. Kilitangaza kwamba kishale kimefika, ilhali kishale chenyewe hakijasogea. Ni sawa na kupiga hodi kwa simu: anayepokea simu ataitika, lakini mlangoni hakuna mgeni. Msimbo unaosikiliza tangazo hilo huitika. Menyu inayofunguliwa na :hover ya CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa, hubaki imefungwa, kwa kuwa kivinjari hutazama kishale kiko wapi hasa. Isitoshe, kila tukio lililozushwa na skripti kivinjari hulitia alama ya kutoaminika.

WebDriver ya Simon Stewart, iliyounganishwa na Selenium katika toleo la 2 mwaka 2011, ilishika njia nyingine: kukiamuru kivinjari kutoka nje. Kwa kifaa chake kiitwacho Actions, mjaribu hupanga mwendo mmoja mmoja: sogea, tulia, sogea tena, bofya. Hakuna kinachotendeka mpaka atoe amri ya mwisho, perform.

Kupanga mwendo huo kunataka jicho. Kishale hupelekwa katikati ya sehemu ya kitu inayoonekana. Menyu pana ikishafunguka, mwanagenzi hukielekeza moja kwa moja kwenye kiungo anachokitaka, chini upande wa kulia. Kishale hukata mshazari, hupita juu ya neno la jirani, na menyu ya kwanza hujifunga. Fundi hukiteremsha kwanza hadi ndani ya menyu, ndipo akisogeze pembeni, kama ambavyo mkono makini ungefanya.

Kusubiri nako kuna adabu yake. Mwanagenzi huamuru sekunde tatu. Kwenye seva iliyolemewa hazitoshi. Kwenye kompyuta yenye kasi zinapotea bure, mara mamia ya majaribio. Fundi husubiri jambo litokee, yaani menyu ionekane, kisha huendelea papo hapo. Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, imelijenga wazo hilo ndani yake: kabla ya kusogeza kishale hukagua kwamba kitu kinaonekana, kimetulia mahali pamoja kwa fremu mbili mfululizo, na hakijafunikwa na kingine.

Sehemu ninayoiheshimu zaidi ni ile inayosahauliwa: kuondoka. Wengi huthibitisha kwamba menyu imefunguka, wakaishia hapo. Fundi hukiondoa kishale na kuhakikisha imejifunga. Tena huuliza nani atapata taabu menyu isipojiendesha ipasavyo. Tarehe 5 Juni 2018, W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, iliipitisha WebDriver kuwa kiwango rasmi, na siku hiyohiyo ikapitisha WCAG 2.1, mwongozo wa kuziwezesha tovuti kutumiwa na watu wenye ulemavu. Kipengele 1.4.13 cha mwongozo huo kinataka maelezo yanayojitokeza chini ya kishale yaweze kuondolewa bila kukisogeza, yasitoweke kishale kinapopita juu yake, na yasijifute yenyewe mtu akiwa bado anasoma. Mwenye uoni hafifu, aliyeikuza skrini hadi anaona pembe moja tu ya ukurasa, hawezi kusoma bila masharti hayo. Kwa mjaribu, hayo ni majaribio mafupi matatu: bonyeza Esc, sogeza kishale juu ya maelezo, tulia uone kama yatabaki.

Basi wewe unayeandika majaribio, usiridhike na alama ya kijani peke yake. Uliza kishale kilipita wapi, kilisubiri nini, na kiliondokaje. Jaribio lisiloweza kujibu maswali hayo halijamjaribia mtu yeyote tovuti yake.