Mti Usiodai

Mbuzi ndiye mkaguzi wa kwanza wa bustani za mjini. Hana mshahara wala likizo, na kazi yake huimaliza kabla ya adhana ya alfajiri. Mwaka ule nilipojitia kupendezesha mtaa wetu hapa Pemba ya Msumbiji, upande wa Paquitequete, nilinunua miche ya waridi na miashoki, nikaipanda mbele ya nyumba za majirani kwa mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi, nikalala na raha ya mtu aliyefanya jambo. Kulipopambazuka nikakuta vijiti. Mawaridi yalikuwa yamekatwa usawa mmoja, utadhani mbuzi alikuja na rula. Miashoki aliiachia Oktoba, na Oktoba ikaimaliza.

Aliyenicheka hadi akashika ukuta ni mzee mmoja mwotesha miche, mzaliwa wa Mocímboa da Praia kama mimi. Mtaani tunamwita Fundi. Alishuka ufukweni hapa Oktoba 2020, miongoni mwa maelfu waliokuja kwa mashua kutoka wilaya za kaskazini wakikimbia vita. Niliwahi kumuuliza kama alikuja na mbegu zozote za nyumbani. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kama alibeba mchanga.

"Mbegu ziko kila mahali. Mimi nilileta panga."

Siku ile ya mawaridi hakunipa darasa. Alifuta machozi ya kicheko, akasema: "Mwanangu, umepanda kwa jicho. Sasa niambie, Oktoba nani atamwagilia?"

Anayeifahamu pwani hii, kuanzia mdomo wa Ruvuma, ushuke Palma na Mocímboa, upite visiwa vya Quirimbas hadi ghuba ya Pemba, anajua uzito wa swali hilo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Disemba hadi Aprili. Zikikatika, kusi inavuma miezi mizima ikibeba chumvi ya bahari na kuipaka kwenye kila jani. Mchanga unakunywa maji na kuyasahau papo hapo. Pasipo na mchanga pana jiwe la matumbawe, ambalo ukilipiga sururu linakurudishia mlio tu. Ikifika Oktoba jua limekaa utosini, visima vina maji ya chumvichumvi, na mwenye ndoo ya maji baridi ana mambo kumi ya kuifanyia kabla ya kuukumbuka mti wa barabarani. Mti wa uani una mama yake. Wa barabarani ni yatima tangu siku ya kuzaliwa.

Kwa hiyo ufundi ninaousifu hapa si wa kupamba. Ni elimu ya usahaulifu wa binadamu. Fundi anapochagua mche hafikirii siku ya kuupanda, maana siku hiyo kila mtu yupo, na picha zinapigwa. Anafikiria mwaka wa tatu, aliyeahidi kumwagilia akiwa ameoa mtaa mwingine.

Chukua mkungu, ambao wenzetu wa Kireno huuita amendoeira. Siku moja Fundi aliokota jani lake akanitilia mkononi nilishike vizuri. Lilikuwa pana kuliko kiganja changu, gumu kama ngozi ya kiatu, upande wa juu likimeremeta kana kwamba limepakwa mafuta. "Hili ni koti," akasema. Chumvi inatua juu yake na kuteleza, na maji yaliyomo ndani hayatoki ovyo. Tunda lake lina ganda jepesi lenye nyuzinyuzi linaloelea, na ndiyo maana mkungu, asili yake Asia, umezoea kusafiri kwa bahari na kuota penye mchanga na maji ya chumvi. Matawi yake hutanda kwa ghorofa, moja juu ya jingine, kwa hiyo kivuli chake kinatosha mafundi cherehani wawili na muuza maandazi. Usiku popo huyabeba makungu na kuyadondosha juu ya mabati, asubuhi watoto huyagonga kwa mawe wakitafuta kile kiini chembamba cha ndani. Mti unaolisha popo, watoto na mafundi cherehani bila kudai ndoo moja ya maji, ukiushinda kwa hesabu niambie.

Kina mama wa mtaa walikuwa na hesabu yao lakini. Mkungu hugeuza majani yake mekundu na kuyamwaga yote kwa pamoja, na anayefagia si yule aliyepanda. Fundi alilijua hilo kabla hawajasema. Kabla ya kuchimba shimo lolote huenda kumuuliza mwenye ufagio, si mwenye nyumba. Nimeona mipango ya miji iliyochorwa na watu wenye shahada, na sijaona hata mmoja ulioanza na swali hilo.

Mwarobaini ni habari nyingine. Uliletwa kutoka Bara Hindi, ukapewa jina la maradhi arobaini unayosemwa kuyatibu, na hapa umeshakuwa mwenyeji. Mizizi yake inashuka kutafuta maji, na kiangazi kinapoifanya miti mingine iwe vijiti, wenyewe bado umevaa kijani. Mbegu zake lakini hazina subira. Zikikaa wiki chache tu hazioti tena, kwa hiyo Fundi huziokota zikiwa bado na nyama ya manjano, huziosha, na kuzitia kwenye viriba siku hiyohiyo. Tena haziokoti popote. Hutafuta mti uliosimama peke yake kando ya lami, penye vumbi na moshi, usiomwagiliwa na mtu, huo ndio anaoufanya mama. Mbegu ya mti uliolelewa kwenye bustani ya hoteli haitaki hata kuiona.

Tatizo la mwarobaini ni ushupavu huohuo. Ndege hula matunda yake na kwenda kuziacha mbegu porini, na ukishika mahali haukubali kutoka. Nikiufikiria humkumbuka kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji bila gharama. Hakika alizila, kisha akala vifaranga, mayai na amani ya pwani nzima. Kiumbe kisichohitaji kutunzwa kinaweza pia kukataa kuzuiwa. Fundi hupanda mwarobaini mmoja, anaruka nafasi, anapanda kitu kingine.

Hapangi barabara nzima kwa mti wa aina moja, na sababu yake aliiona kwenye minazi. Ugonjwa ambao Watanzania huuita kunyong'onyea umeacha mashamba ya Tanzania Bara na magogo yasiyo na vichwa, na Zambézia nako minazi imekufa kwa maradhi ya aina hiyohiyo. Mdudu akiujua mlango wa nyumba moja, na nyumba zote zina mlango mmoja, kwisha.

Tumebishana kwa krismasi tu, ule mti wa Madagaska wenye maua mekundu ambao Msumbiji nzima huuita acácia. Kwake yeye ni bi harusi: mwezi mmoja wa ngoma, miezi kumi na moja ya lawama. Mizizi yake ya juujuu inafumua njia ya waendao kwa miguu, tawi lake halina msimamo kwenye upepo. Yote kweli. Lakini kiangazi unakivumilia, na Novemba, joto linapokuwa halisemeki, mtaa mzima unageuka moto usiounguza. Mimi nasema mji unaweza kusamehe tawi moja kwa ajili hiyo. Tumeafikiana upandwe uwanja wa mpira, mbali na paa la mtu.

Kuna kisa cha ndugu zetu wa Kenya ambacho mimi humsimulia kila anayekuja kitaluni kwa Fundi, naye Fundi husikiliza kama hajakisikia bado. Mwaka 1971, huko Bamburi karibu na Mombasa, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki jiwe tupu la matumbawe na maji ya chumvichumvi. Alijaribu aina 26. Zilizoshika ni tatu, na mvinje ukaongoza, kwa sababu mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani. Miti ilikua, ila majani yake kama sindano yalirundikana chini bila kuoza. Haller akaleta majongoo, wale wenye miguu myekundu, wakayala yale majani na kuyafanya udongo. Leo ni msitu. Ninapofika kwenye majongoo, Fundi huniambia nirudie.

Hata hivyo mvinje haupandi karibu na nyumba tangu Kenneth. Kimbunga hicho kilitua mkoani kwetu tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita hivi baada ya Idai kuivunja Beira, na kisiwa cha Ibo kilibaki na nyumba nyingi zisizo na paa. Hatukuwa tumezoea, vimbunga vilikuwa habari za watu wa kusini. Kisha Chido ikaja Disemba 2024, ikatua Mecúfi, hapa jirani upande wa kusini. Florida, ambako vimbunga ni wageni wa mara kwa mara, mvinje umo kwenye orodha ya miti inayotangulia kuanguka. Sasa Fundi ana swali la pili: upepo ukija, mti utaangukia wapi?

Kwa maswali yote mawili jibu lake ni mkwaju. Una majani madogomadogo ambayo upepo hupita katikati yake, matawi yanayopinda bila kukatika, na mzizi unaoshuka ndani. Ukame hauubabaishi, ukwaju unauzika sokoni. Kwa nini basi barabara zetu hazikujaa mikwaju? Kwa kuwa unakua polepole mno. Anayeagiza miti ya mji anataka kuonyesha kivuli kabla kipindi chake cha uongozi hakijaisha.

Kulikuwa na jaribio moja la miti ambalo hakuna mtu angelitaka. Katika vita vile, Mocímboa da Praia ilitekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021, na wakazi walianza kurudi kwa wingi mwaka 2022. Muda wote huo hakuna aliyemwagilia, aliyepogoa wala aliyefagia. Fundi alipokwenda kuangalia nyumba yake, wenzake walirudi wakisimulia kuta na mapaa. Yeye alirudi na orodha ya miti. Nyasi zilimfika kifuani. Mipapai imekufa, maua ya vyungu yamekufa, mchungwa wa shemeji umebaki kuni. Miembe ipo. Mikungu ipo, tena imezaa. Na chini ya ukuta uliovunjika, ndani ya ufa, alikuta lile ua dogo lenye petali tano, la waridi hafifu, ambalo pwani nzima tunaliona makaburini. Nalo asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950 wataalamu walianza kutoa humo dawa za saratani ya damu. Hakuna aliyelipanda pale. Alilisimulia hilo ua kwa heshima ambayo hakuipa hata nyumba yake.

Kitalu chake ni ua wa wakwe zake, hatua ishirini kwa kumi, umejaa viriba vya mifuko ya unga na makopo ya mafuta ya kupikia. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Hunyanyua kila kiriba na kuikata kwa kisu mizizi iliyotoboa chini, kwani mzizi ukizoea kujizungusha ndani ya kopo utaendelea kujizungusha ardhini, na mti utaanguka miaka kumi baadaye bila mtu kujua sababu. Mwezi wa mwisho huifundisha miche kiu: maji kila siku, kisha baada ya siku mbili, kisha tatu, mpaka majani yanalegea jioni na kuinuka alfajiri. Usioinuka hauuzwi. Wateja hupenda mche mrefu. Yeye humpa mtu mche mfupi wenye shina nene, wakagombana kidogo, akashinda.

Minyaa, ambayo wengi huipenda kwa uzio maana mbuzi haigusi, hakubali kuipanda karibu na shule. Utomvu wake ukiingia machoni mwa mtoto ni msiba, na mtoto lazima atalivunja tawi.

Disemba iliyopita, mvua ya pili iliponyesha (ya kwanza haiamini), alikuja na mikwaju mitatu mbele ya nyumba yangu, pale palipokuwa na mawaridi. Alipiga jiwe mpaka likapata ufa, akaurudisha mchanga na samadi, akaacha kisahani cha kukusanya maji, akatandaza majani makavu ya mkungu juu yake. Kila mche akaufunika kwa dema kuukuu alilopewa na wavuvi, lile la kutegea samaki, amelikata kitako na kulisimamisha kwa vigingi. Mbuzi alikuja jioni ileile. Akaingiza pua kwenye tundu la dema, akanusa, akalizunguka mara mbili, kisha akaondoka kuelekea kwa jirani yetu mpya, ambaye nasikia amepanda mawaridi.