Ubaridi Ndio Unaoiangusha Bunduki ya Gesi

Kila Januari wenye viwanda vya silaha hukusanyika Las Vegas kwa maonyesho ya SHOT Show. Majira ya kuchipua Ulaya yakikaribia huwa zamu ya IWA mjini Nuremberg, na Mei mashabiki wa vitu vya kuchezea huelekea Shizuoka, Japani. Katika maonyesho haya yote matatu utakuta meza za easofti, yaani bunduki bandia zinazorusha gololi za plastiki za milimita 6. Zinazovuta watu zaidi ni za gesi, ambazo slaidi yake, yaani kipande cha juu kinachotembea, huruka nyuma kila ukifyatua, kama bastola ya kweli. Kijana wa Nyabibuye, kule Kakonko, Tanzania, huziona kwenye video za simu muda uleule na kijana wa Taipei. Kinachoonyeshwa kwenye video hizo ni rangi, uzito, nembo iliyochongwa ubavuni na mlio. Hayo ndiyo ya kuangalia mwisho.

Tuanze na kinachotokea ndani. Magazini ina vyumba viwili: kimoja cha gololi, kingine tangi dogo la gesi iliyo katika hali ya kimiminika. Ukivuta kifyatulio, nyundo inagonga vali ya magazini na mvuke unapanda hadi kwenye nozeli iliyo nyuma ya gololi. Ndani ya nozeli mna kivali chepesi kinachoelea. Mwanzoni kinaiachia gesi njia ya mbele, gololi inasukumwa mtutuni. Gololi ikishasonga, mgandamizo wa mbele unapungua, kivali kinahama na kuziba njia ile, na gesi iliyobaki inageukia nyuma kusukuma slaidi. Slaidi ikirudi nyuma inaikoki nyundo, kisha springi inairudisha mbele nayo inachukua gololi nyingine. Yote hayo yanafanyika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kazi ya kuamua gesi ielekee wapi na lini inafanywa na kipande cha plastiki kidogo kuliko ncha ya kidole.

Gololi yenyewe haihitaji nguvu nyingi. Ya gramu 0.20 ikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde inabeba joule 1 tu, wakati risasi ya bastola ya milimita 9 inabeba joule 500 hivi. Sehemu kubwa ya gesi inaliwa na slaidi.

Gesi hiyo ikigeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke inanyonya joto, na joto hilo inalitoa kwenye chuma cha magazini. Aliyewahi kupikia jiko kubwa kwa mtungi mdogo ameona mtungi ukitoa jasho, hata kuganda barafu chini. Gramu 1 ya propani inapovukiza huchukua joule 340 hivi. Chukua magazini ya zinki yenye uzito wa gramu 300: kila gramu ya propani inayotumika inaishusha joto kwa nyuzi 3 hivi. Fyatua harakaharaka bila kupumzika, na magazini iliyoanza kwenye nyuzi 20 itafika 10 kabla hujaimaliza. Kwa gesi ya 134a, inayopendwa Japani, kushuka kutoka nyuzi 20 hadi 10 kunapunguza mgandamizo kutoka takribani bar 5.7 hadi 4.1. Ukitoa bar 1 ya hewa inayosukuma kutoka nje, theluthi nzima ya nguvu ya kazi imepotea. Slaidi inakuwa mvivu, haifiki nyuma kabisa, haichukui gololi inayofuata. Mnunuzi atasema bunduki mbovu, kumbe ni baridi tu.

Hapo ndipo shule mbili za utengenezaji zilipoachana. Japani raia wa kawaida hawaruhusiwi kumiliki bastola, na sheria inabana pia bastola za mfano zilizotengenezwa kwa metali. Kampuni kama Tokyo Marui ikalazimika kutumia slaidi za plastiki. Plastiki ni nyepesi, inatosheka na 134a yenye mgandamizo mdogo, na nguvu ya gololi inabaki chini ya kikomo cha kisheria cha joule 0.98 hivi. Taiwan hawakubanwa hivyo. VFC, WE na wenzao walikwenda kwenye alumini na zinki, na slaidi nzito ikadai gesi kali zaidi: propani iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni, ambayo kwenye nyuzi 20 inafika bar 8.4. Bastola ya Glock inayouzwa kwa leseni na Umarex ya Ujerumani inatoka kwenye shule hii, imetengenezwa na VFC. Mkononi ni tamu. Lakini kila mfyatuo unakula gesi zaidi, na ubaridi unakuja upesi.

Wengine walikimbilia kaboni dioksidi ya vidonge vya gramu 12. Mgandamizo wake unafika bar 57 kwenye nyuzi 20, kwa hiyo baridi haiutishi sana. Tatizo ni kwamba ukipita nyuzi 31 kaboni dioksidi haiwezi tena kukaa kama kimiminika, na magazini iliyoachwa kwenye gari juani Dar es Salaam inapanda mgandamizo kuliko vali ilivyoundwa kustahimili. Mpira wa kuzuia gesi unapasuka, vali inakwama. Binafsi sizipendi.

Jambo litakaloamua bunduki zijazo, hata hivyo, liliafikiwa ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Oktoba 2016 nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal zilikutana Kigali, Rwanda, zikapitisha marekebisho ya kupunguza gesi za jamii ya HFC. Gesi ya 134a, iliyo katika jamii hiyo na ileile ya friji na viyoyozi vya magari, inapasha joto anga mara 1,430 zaidi ya kaboni dioksidi katika miaka 100. Viwanda vinasukumwa kwenye 152a, na kwenye gesi mpya kama 1234ze. Zote mbili zina mgandamizo mdogo kuliko 134a kwenye nyuzi 20. Maana yake bunduki inayotoka kesho itapewa chakula kidogo kuliko ya jana, na ile yenye slaidi ya chuma kizito inayong'aa mezani ndiyo itakayoshindwa kwanza.

Kwa hiyo kwenye orodha ya matoleo mapya natafuta vitu vichache. Uzito wa sehemu inayotembea, si uzito wa bunduki nzima. Ukubwa wa tangi na wingi wa chuma kilicholizunguka, kwa kuwa chuma hicho ndicho akiba ya joto. Halafu naangalia kama mwonyeshaji anamaliza magazini nzima mfululizo mbele ya watu, au anafyatua mara tatu na kuiweka chini. M4A1 MWS ya Tokyo Marui ya mwaka 2015 bado ni kipimo changu: magazini nene ya gololi 35, na mfumo unaobana gesi. Matoleo mengi yaliyofuata yameipita kwa urembo tu.

Nyanda za juu za Kibondo na Kakonko zina tabia yake pia. Kwenye mita 1,500 hewa inasukuma kwa bar 0.85 tu, hivyo gesi inapata nafuu kidogo kuliko pwani, na gololi inakutana na hewa nyepesi. Asubuhi ya Juni na Julai, baridi inakula nafuu yote hiyo. Tena usijaribu kujaza kutoka mtungi wa jikoni: ule una butani ndani yake, ambayo peke yake haizidi bar 2.1 kwenye nyuzi 20, hauna mafuta ya kulinda mipira, na ukivuja karibu na moto hakuna mchezo tena.

Matumizi yenye maana ninayoyaona kwetu ni filamu. Baada ya mpiga picha Halyna Hutchins kuuawa kwa risasi Oktoba 2021 wakati wa kuandaa filamu ya Rust, tamthilia ya Marekani ya The Rookie iliamua kutumia easofti na kuongeza mwako wa mtutu kwa kompyuta. Slaidi inatembea, kamera inaamini, hakuna anayekufa. Watengenezaji filamu wa Tanzania wangefanya vizuri kuifuata njia hiyo.

Nje ya seti ya filamu, sivyo. Nyabibuye iko karibu na mpaka wa Burundi, katika mkoa ambao silaha za vita na magobole vimewatesa wananchi kwa miaka, njiani na mashambani. Askari wa doria hawezi kujua kwa macho, usiku, kwamba ulichoshika kinatoa joule 1. Silaha za raia nchini zinasimamiwa na Jeshi la Polisi. Kabla hujaagiza chochote kati ya hivi, nenda ofisi ya polisi ya wilaya, uliza kama kinaruhusiwa, na jibu ulipate kwa maandishi.