Kukaa ukumbi mmoja siyo kujifunza pamoja

Hebu niambie: ukiwajaza wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia ukumbi mmoja wasikilize mhadhara uleule wa anatomia, wamejifunza pamoja? Mimi nasema hapana. Wamebanana tu.

Waraka wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 unataka wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja nao. Ngumu ni hiyo ya katikati. Nilipokuwa fildi, mwanafunzi wa uuguzi aligundua dawa ileile imeandikwa mara mbili kwenye faili la mgonjwa. Akanyamaza, kisa aliyeandika ni "daktari". Mhadhara gani utamfungua mdomo?

Kule Linköping, Sweden, mwaka 1996 walifungua wodi ambayo wanafunzi wa fani tofauti huhudumia wagonjwa halisi kama timu, wakisimamiwa. Hapo hujifichi nyuma ya daftari, mgonjwa anasubiri.

Ila tusishangilie mapema. Mapitio ya Cochrane ya 2013 yalipata tafiti 15 tu zilizokidhi vigezo, dunia nzima. Saba zilionyesha matokeo mazuri, nne mchanganyiko, nne hazikuona tofauti yoyote. Na tathmini nyingi za vyuoni ndizo zinanikera zaidi: zinamuuliza mwanafunzi kama kalipenda somo. Atasema kalipenda, si kulikuwa na chai! Mimi ningemfuata miezi sita baadaye na swali moja: mara ya mwisho ulipoona kosa la mtu wa fani nyingine, ulimwambia?