Jina la Mpiga Besi

Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, nchini Kongo, mrekodi wa muziki wa Afrika Hugh Tracey alikutana na kijana wa miaka 22 aliyekuwa akipiga gitaa barabarani. Alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, makao ya zamani ya mfalme Msiri. Tracey alirekodi nyimbo zake, ukiwamo "Masanga", na sahani za Gallotone zikalitoa jina la kijana huyo Katanga na kulivusha mipaka. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi. Kisichosimuliwa ni kadi. Tracey alikuwa na desturi ya kuandikia kila rekodi kadi yake: nani amepiga, wapi, lini, kwa lugha gani, kwa ala gani. Bila karatasi hiyo ndogo, sauti ingebaki sauti tu, haina mwenyewe.

Ukiuvua uandishi wa muziki makeke yake yote, hapo ndipo unapoanzia. Sifa na lawama zinafuata baadaye. Mwaka 1954 jarida la African Music lilianza kutoka Afrika Kusini chini ya chama alichokiasisi Tracey, na mnamo 1961 na 1962 mtafiti David Rycroft alilitumia kuchambua, noti kwa noti, yale Mwenda aliyokuwa akiyafanya kwa vidole viwili: gumba likishika besi, cha shahada kikicheza juu yake. Mtu aliketi na sahani, akairudia na kuirudia mpaka akajua kidole gani kiligusa uzi gani. Huo ni uvumilivu wa fundi saa.

Bunkeya sasa imo katika mkoa wa Lualaba, pamoja na Kolwezi. Kwa hiyo kijana wa Kolwezi anayetaka kusoma kwa kina juu ya mpiga gitaa mashuhuri kuliko wote waliotoka mkoani kwake sharti asome Kiingereza, katika majarida yaliyochapwa mbali. Hata Shaba Diary, shajara ya John Low aliyekwenda Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1979 kujifunza kwa wapiga gitaa wa kizazi hicho, ilichapishwa Vienna mwaka 1982. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuandika. Swali ni kwa nini walioandika ni wageni.

Wenyeji nao waliandika, ila kalamu ilikuwa na mwenye nayo. Mwaka 1957 kampuni ya madini ya Union Minière ilianzisha Mwana Shaba, gazeti la wafanyakazi wake, na baada ya kampuni kutaifishwa likaendelea chini ya Gécamines. Lilikuwa gazeti la kampuni, na gazeti la kampuni huona kile ambacho kampuni inataka kionekane. Kinyume chake ni kitabu kidogo cha mwaka 1965, historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, iliyokusanywa na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani. Kilipigwa taipu kwa Kiswahili cha mjini, tahajia yake ya kujitungia, hakina mfadhili wala mhariri msomi. Baadaye mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikitolea kitabu kizima, mwaka 1990. Hakihusu muziki, lakini anayetaka kuanzisha jarida bila fedha asipate shaka: Katanga ilishafanya hivyo, na waliofanya walikuwa wapishi na madobi. Karibu zaidi na zama zetu, Lubumbashi iliwahi kuwa na Nzenze, jarida la utamaduni la Vicanos Club ambalo mwandishi Patrick Mudekereza alikuwa miongoni mwa walioliendesha.

Kolwezi ina haja ya kalamu za namna hiyo kuliko miji mingine. Tangu 2015 ndiyo makao makuu ya mkoa, na dunia huandika juu yake kila siku: bei ya kobalti, malori, mikataba. Muziki wake haumo. Na hapa mtaa wenyewe unaweza kuondoka. Mwaka 2014 madini yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu wakachimba sebuleni na uani, na miaka michache baadaye sehemu ya wakazi wakahamishwa. Mtaa ukihamishwa, baa zake zinahama, kwaya zake zinatawanyika, na bendi iliyokuwa ikipiga kila Jumamosi inabaki katika vichwa vya watu wachache.

Anayejitolea kuandikia jarida dogo la muziki hufika mapema kwenye onyesho, wakati nyaya bado zinaunganishwa, kwa kuwa wakati huo ndipo wanamuziki wana muda wa kujibu. Mwimbaji hana shida. Jina lake limeshaandikwa kwenye bango. Kazi iko kwa mpiga besi, mpiga tumba, na yule anayeitikia nyuma. Jina la utani ni lipi, la kuzaliwa ni lipi, anapenda liandikwe vipi? Mwenda mwenyewe ameandikwa Mwenda Jean Bosco, Jean Bosco Mwenda na Mwenda wa Bayeke, na msomaji asiyejua anaweza kudhani ni watu watatu. Kisha ala. Karindula, kwa mfano, ni banjo kubwa ajabu inayoundwa kwa pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa rekodi za muziki huo kutoka Lubumbashi, na dunia ikashangaa. Mwandishi wa mtaani hashangai. Anauliza pipa lilitoka wapi, ngozi imewambwa na nani, na inatengenezwaje mvua ikiinyeshea.

Halafu kuna suala la fedha, maana kujitolea si kula hewa. Waandishi wa Kongo wanaijua vizuri "coupage", bahasha anayopewa mwandishi na yule anayeandikwa. Katika muziki iko pia "libanga": mwenye fedha analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Asiyelipwa mshahara huenda akaishika bahasha hiyo upesi kuliko wengine, tena ni vigumu kumhukumu. Ila akiikataa, ana kitu ambacho gazeti la kampuni halikuwahi kuwa nacho: anaweza kuandika kwamba albamu ni mbaya. Jarida ambalo halijawahi kusema albamu yoyote ni mbaya halisomwi, linafungiwa maandazi.

Kazi hii haina haja ya ofisi. Inataka daftari, simu ya kurekodia, mtu mmoja mkali wa tahajia, na mashine ya fotokopi. Inataka pia wazee. Katika makambi ya zamani ya Gécamines, kule Musonoi, Luilu na Kapata, wapo waliocheza dansi enzi za sahani za santuri, na wapo waliopiga. Wenye picha za bendi hizo ndani ya masanduku wasingoje mtafiti kutoka Ulaya. Wawaite vijana wanaoandika, wawawekee viti, na wawatajie walio kwenye picha mmoja mmoja, kuanzia kushoto, pamoja na aliyekatwa nusu pembeni.