Mkono wa Kushoto

Besi niliachiwa, sikuichagua. Tulikuwa vijana wanne shuleni, na kila mmoja wetu alitaka kupiga solo. Mwenye vidole vizito kuliko wote nilikuwa mimi. Wenzangu wakanisukumia lile gitaa la nyuzi nne, shingo ndefu kama ya twiga, wakaniambia nibonyeze polepole nisiwaharibie wimbo. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba hata Paul McCartney wa Beatles aliingia kwenye besi kwa mlango huo huo: mwaka 1961 mpiga besi wao, Stuart Sutcliffe, aliamua kubaki Hamburg, wenzake hawakuitaka kazi ile, ikamwangukia yeye. Nilipata nafuu kidogo.

Mpiga solo akikaa peke yake chini ya mti, watoto watamzunguka. Mpiga besi akikaa peke yake atapata jirani anayegonga ukuta na kuuliza kabati litakwisha kutengenezwa lini. Mimi jambo hilo limenipata kwa kweli, na sikuwa na la kumjibu. Besi pekee ni kama kumsikia abiria anayeongea na simu ndani ya basi: “Eeh... sawa... hapana, kesho...” Unajua kuna habari inaendelea, ila nusu yake iko mahali pengine. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema jifunze kwanza, ukishaiva ndipo utafute bendi. Kwa besi, kuitafuta bendi ndiko kujifunza kwenyewe. Skeli nilizozikariri chumbani kwa miaka mitatu hazikunifundisha hata robo ya nilichofundishwa na watu walionikatalia.

Nilihamia Singida kikazi. Kutoka Dodoma nilikuja na besi magotini, kwa sababu kondakta alitaka kuitupa kwenye buti pamoja na magunia, nami nilijua shingo ile haitafika nzima. Mji wenyewe ukiuona utaupenda au utaukimbia siku hiyo hiyo. Mawe makubwa yamekaa juu ya mawe mengine kana kwamba kuna mtu aliyapanga akaitwa kabla hajamaliza. Ziwa Singidani linang’aa pembeni, upepo haupumziki, na msimu wa mavuno ukifika mashine za kukamua alizeti zinanguruma tangu asubuhi. Nilipanga chumba Majengo, na kwa wiki za mwanzo mashine moja ya jirani ndiyo iliyokuwa bendi yangu. Ilikuwa na mapigo yake, ikichelewa kidogo kila baada ya mzunguko, nami nilikaa dirishani nikiifuata. Nasema bila aibu: yule ndiye mpiga dramu wa kwanza niliyepiga naye Singida, na hakuwahi kunilalamikia.

Zamani mtu wa aina yangu asingehangaika hivi. Bendi zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na vyombo. Chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, jeshi likawa na Mwenge Jazz, vijana wa chama tawala wakawa na Vijana Jazz. Mikoani nako hakukulala: Tabora Jazz na Kiko Kids kule Tabora, Atomic na Jamhuri kule Tanga, Dodoma International kwa jirani zetu, Tancut Almasi kule Iringa. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani, na akiwa mzuri aliwindwa kama beki wa kushoto. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 ilijengwa juu ya watu waliotoka Dar International. Mwaka 1985 yenyewe ikaonjeshwa uchungu huo huo, wanamuziki wake kadhaa walipohamia International Orchestra Safari Sound. Mashabiki walizungumza habari za uhamisho ule kama wanavyozungumza leo habari za Simba na Yanga.

Ila hata katika enzi hiyo, mpiga besi alikuwa mtu wa kivulini. Muulize mzee yeyote aliyecheza dansi nani alikuwa na gitaa Morogoro Jazz, naye kabla hujamaliza swali atakutajia Mbaraka Mwinshehe. Muulize besi ilikuwa ya nani. Atatazama juu, atakuna kidevu, halafu atauimba ule mstari wa besi wenyewe, dum-du-dum, bila kukosea. Jina limepotea, kazi imebaki mdomoni. Sijaamua bado kama hilo ni tusi au ni heshima.

Na wengi wa wazee hao waliisikia besi hiyo kwenye redio ya mkulima, spika yake sawa na kiganja. Hapa kuna jambo linalonishangaza mpaka leo. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya namna ile haina uwezo wa kutoa sauti nene kiasi hicho. Kinachotoka ni zile sauti nyembamba zinazofuatana na sauti mama. Sikio likizisikia hizo, hujua mama yao alikuwa nani, na humjaza lenyewe. Kwa hiyo nyimbo za Radio Tanzania zilipofika Iramba au Manyoni, sehemu nzito kabisa ya besi haikufika. Wasikilizaji waliitunga wenyewe kichwani, wakaicheza.

Nikiwa na hayo kichwani nikaanza kubisha hodi. Harusini nikakuta MC na laptopu yake, muziki umeshapigwa na watu ambao hawatakuja. Kwenye matarumbeta nilipokelewa vizuri zaidi. Besi yao ni lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpigaji mwilini kama chatu, na kijana aliyelibeba, mwembamba kuliko wenzake wote, alilitazama gitaa kisha akanitazama mimi kwa huruma. “Kaka, hiyo inataka umeme. Sisi tunapiga tukiwa juu ya gari.” Alikuwa sahihi. Lakini kabla hatujaagana alinipigia mstari wake mzima, nikaona anapumua wapi. Kila anapopumua, wimbo unapata pengo, na wachezaji wanaingiza kiuno katika pengo hilo. Mimi sikuwa napumua; vidole havichoki haraka, basi nilikuwa naropoka kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Tangu siku ile nikipiga navuta pumzi kwa mdomo mwisho wa kila sentensi ya muziki, na vidole navilazimisha vingoje.

Dansi letu la zamani lilijua jambo hili. Lilinyonya kutoka kwenye santuri za Kikuba zilizoingia Afrika Mashariki kabla ya uhuru, na Wakuba wana ujanja mmoja: besi haikai juu ya pigo la kwanza kama askari getini. Inalitangulia pigo, halafu pigo lenyewe linakuta mahali patupu. Mguu wa mchezaji ndio unaopaziba. Sikiliza rekodi za Cuban Marimba ya Salum Abdallah, au Mlimani Park, yaani Sikinde, wanapotoka kwenye maneno na kuingia kwenye sebene, ufuate besi tu, mengine yaache yapite. Utaona inaruka, inanyamaza, inarudi mahali usipoitegemea, na magitaa mengine matatu yanasukana juu yake bila kugongana. Aliyenyamaza ndiye aliyewapa nafasi.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa kwaya. Ulifunguka nusu. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, “Karibu sana, ila kinanda chetu kina besi ndani.” Na ni kweli. Kinanda cha siku hizi ukibonyeza sauti kwa mkono wa kushoto, chenyewe kinakupigia dramu, rithimu na besi, kwa mtindo uliouchagua kwenye kitufe. Mtu mmoja anakuwa bendi. Kwa kwaya isiyo na fedha hilo ni jambo la baraka, na anayelibeza hajawahi kuchangisha fedha za vyombo. Mpinzani wangu Singida basi hakuwa mpiga besi mwenzangu. Alikuwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.

Waliniruhusu kuja mazoezini, Jumatano na Jumamosi jioni. Kwa wiki tano kazi yangu ilikuwa kubeba spika na kukunja nyaya. Usiidharau kazi ya kukunja nyaya. Anayekunja nyaya vibaya leo ndiye atakayesababisha mkwaruzo Jumapili, na kwaya nzima itamjua. Huko ndiko nilikozijua nyimbo: nani huchelewa kuingia, ubeti gani mwalimu huurudia akifurahi, sauti ya kwanza hupanda wapi akina mama wakichangamka. Mpiga dramu alikuwa kijana wa bodaboda, na mguu wake wa kulia ulikuwa na tabia: ukitangulia kidogo, ujue ana haraka ya kurudi kijiweni. Nilianza kuusoma mguu ule kama mtu asomavyo mawingu.

Wiki ya sita nikaruhusiwa kuchomeka. Nikapiga, na ikawa fujo. Besi mbili, ya mashine na yangu, zikigombania mlango mmoja. Mpiga kinanda hakusema neno, akaongeza sauti. Nami, Mungu anisamehe, nikaongeza yangu. Mwalimu akasimamisha wimbo akatutazama kama wazazi wanavyowatazama watoto waliogombana mbele ya wageni.

Aliyeniokoa alikuwa mzee wa sauti ya nne, mstaafu, anayeimba akiwa amefumba macho. Baada ya mazoezi aliniita pembeni. “Mwanangu, sisi wa sauti ya nne tukitembea, wewe simama. Tukisimama, ndiyo utembee. Vinginevyo tunakanyagana.” Nimesoma vitabu viwili vya kupiga besi, vyote vya Wazungu, vyote vinene, na hakuna ukurasa ulionisaidia kama sentensi hizo tatu. Nikaenda nyumbani nikafuta karibu nusu ya nilichokuwa napiga. Jumamosi mpiga kinanda aliinua kichwa mara moja, akanitazama, akaendelea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa palepale.

Kuna siku nilitaka kuacha. Uzi wangu wa pili ulikuwa umekufa sauti, na duka nililoliuliza liliuza nyuzi za gitaa la kawaida tu. Nyuzi za besi ni za kuagiza, na bei yake haiendani na mshahara wa mtu anayepiga bure. Niliuvua ule uzi nikauchemsha kwenye sufuria, dawa ya wapiga besi maskini wa nchi zote. Mafuta na vumbi vikatoka, mng’ao ukarudi kwa wiki mbili tatu. Mama mwenye nyumba alipita jikoni akafunua mfuniko. Hakuuliza kitu. Nadhani alishanikatia tamaa.

Halafu ikaja harusi ya mwimbaji wetu mmoja, mwezi wa saba, mavuno ya alizeti yakiwa yameshauzwa, huko Ikungi, kwenye barabara ya Manyoni. Turubai lilipigwa na upepo usiku kucha. Muda wa kutoa zawadi tukaanzisha pambio, lile la kurudiwarudiwa mpaka ukoo wa mwisho ufike mbele na khanga zake na mbuzi wake. Tulikuwa tumefika upande wa wajomba umeme ulipokatika.

Kinanda kikanyamaza. Maikrofoni zikanyamaza. Pambio halikunyamaza hata kidogo. Akina mama walilipokea kwa koo tupu na vigelegele, yule kijana wa bodaboda akaendelea na dramu zake gizani, na wajomba wakaendelea kuja kwa kucheza, mwanga wa simu ukiwamulika miguu. Mimi nami sikuacha. Besi isiyo na umeme haisikiki hatua mbili. Niliisikia kwenye mbavu zangu tu, mbao ikinitetemekea. Niliutazama mguu wa dramu. Wazee wa sauti ya nne walipotembea nikasimama, waliposimama nikatembea. Sijui ilichukua dakika ngapi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikisikia mstari wangu mzima, mnene, ukijaa turubai lote, ingawa hakukuwa na kitu kinachotoka.

Nyuma ya jukwaa mtu alivuta kamba ya jenereta, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu likawaka. Spika yangu ikarudi katikati ya noti, na noti ilikuwa mahali pake. Watu wakapiga kelele ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa ya taa au ya besi. Kinanda kinapozimwa ghafla hurudi kikiwa kimesahau kila kitu: mtindo, kasi, sauti uliyoichagua. Mpiga kinanda aliinama akatafuta kitufe, akabonyeza, akakuta mtindo wa walsi, akauzima. Akatusikiliza kwa muda. Kisha akaingia kwenye wimbo kwa mkono wa kulia peke yake, na ule wa kushoto akautia mfukoni.